Ngumi Uliyoifunga Kwenye Jiwe la Shavu

Vero mwanangu,

Salamu nazikata fupi. Unalala chumba cha pili, kati yetu kuna ukuta mmoja tu, na nakusikia unavyojigeuza kitandani. Hata mimi kabla ya safari huwa silali.

Mambo ya blanketi, sufuria, karanga, asali ya Inyonga iliyofungwa mifuko mitatu isimwagikie nguo, na namna ya kuishi na wenzako bwenini, hayo mama yako ameyamaliza, na mengine ameyarudia mpaka majirani wameyashika kichwani. Mimi sitayagusa. Ningekuwa mtu wa kumfundisha mwenzake kupanga vitu, jiko letu la nje lisingekuwa na gia boksi mbili na steringi ndani yake.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Jumatatu, mlipokuwa mnamenya viazi, ulimwambia mama yako kwamba ukifika chuoni Mbeya utaomba wakuhamishe. Umepata nafasi ya kujifunza kreni, kuiendesha na kuielekeza, nafasi ambayo vijana watatu wa hapa Majengo waliiomba wakaikosa, nawe unataka ukakae stoo uandike nati zinazoingia na nati zinazotoka. Mama yako akakuuliza sababu. Ukamjibu, "Mama, mimi mkono wangu ulishamvunja mtu. Siwezi kusimama chini nikaambiwa nielekeze mzigo."

Mama yako alikuja gerejini akanipa maneno hayo kama yalivyo, kisha akasema, "Ongea na mwanao, Baba Vero. Asiondoke na hiyo hofu." Nikaitikia kwamba nitaongea. Nikainama tena chini ya pikapu ya mtu niliyokuwa naitengeneza, nikakaa humo muda mrefu bila kufungua hata bolti moja. Hofu hiyo naijua ilikotoka. Mimi ndiye niliyekupa.

Nitakueleza, lakini niache nianzie mbali kidogo. Ukinijua nilivyokuwa kabla hujazaliwa, hutashangaa sana.

Nilipokuwa kijana niliendesha lori la tumbaku. Msimu mmoja nilikwama kwenye mchanga wa korongo, upande wa Katumba, lori likiwa na mzigo mpaka juu. Nilikanyaga mafuta, matairi yakachimba. Nikakanyaga zaidi, yakachimba zaidi. Akapita mama mmoja mkulima, jembe begani, Mrundi wa pale pale Katumba, akasimama akaniangalia. Akasema, "Dereva, punguza upepo kwenye matairi. Wenzio wote hapa wanapunguza." Mimi nikamjibu kwamba udereva sikufundishwa na mwenye jembe. Akasema haya, akaenda zake shambani.

Nililala pale siku mbili. Siku ya tatu, alfajiri, kabla yule mama hajapita tena, nikatoa upepo matairi yote. Lori likatoka kama halijawahi kukwama. Alipopita alikuta nimesimama ng'ambo ya korongo, matairi yamebonyea, kila kitu kiko wazi. Hakunicheka. Akasema tu, "Umeamkaje, dereva?" Nikaitikia nimeamka salama, nikaangalia pembeni. Hata asante sikumpa. Nilifanya alichosema, lakini nilikifanya kwa kujificha ili isionekane kwamba ni yeye aliyekuwa na akili. Vero, huyo ndiye mtu niliyekuwa, na sehemu kubwa ndiye mtu niliye mpaka leo. Kwenye gari najua kupunguza upepo. Kwangu mwenyewe bado najifunza.

Sasa tuje kwa Mjusi.

Ulikuwa na miaka kama kumi nilipoanza kuliunda lile gari. Watu wa Majengo walisema nimechanganyikiwa, na hawakuwa mbali sana na ukweli. Nilikuwa nimeona kwenye simu ya mteja watu wanapanda mawe kwa magari waliyojitengenezea wenyewe, taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, wala hawaendi popote. Wanapanda jiwe, wanashuka, wanapanda tena. Nilicheka sana. Halafu usiku huo sikuwaza kitu kingine. Miaka yote nilikuwa naendesha ili nifike mahali, na ghafla nikatamani kuendesha bila kwenda kokote.

Chesisi niliitoa kwenye gari kuukuu la jipu lililokuwa limeotewa na majani. Injini ya pikapu, viti vya basi lililopata ajali. Mabomba ya kizimba cha juu, kile cha kutukinga gari likibiringika, hayo unajua yalikotoka. Mama yako alirudi kutoka jumuiya akakuta nguo zake zimelala juu ya majani na nguzo za kuanikia hazipo. Aliniuliza kwa upole, na upole wa mama yako ndio wa kuogopa: "Baba Vero, nguzo zangu zimekwenda wapi?" Nikamwambia zinakuja kuwa gari. Mpaka leo nguo zetu zinaanikwa kwenye kamba iliyofungwa kwenye mpapai, na kila mpapai unapoinama kwa uzito wa mablanketi naitwa niuone.

Tulijaza mchanga mkavu ndani ya mabomba, tukaziba huku na huku, tukayachoma kwa moto wa mkaa mpaka yakawa mekundu ndipo tukayapinda, maana bomba tupu likipindwa linakunjamana. Wewe ndiye uliyekuwa unachekecha mchanga. Ulikuwa unatoa hata vijiwe vidogo kama punje ya mtama, nikakuambia hivyo haviharibu kitu, ukasema, "Basi mimi vinanikera." Ramadhani akacheka akasema huyu atakuja kuwa fundi kuliko wewe. Yeye alikuwa hajawahi kushika hata spana, ingawa anauza spea. Aliingia kwenye uwendawazimu ule kwa sababu duka lake liko mkabala na gereji na mchana hapakuwa na wateja. Ndiye pia aliyelipa gari jina. Siku ya kwanza kulijaribu lilipanda jiwe huku pua inainuka na kushuka, akasema, "Tazama, linaitikia kwa kichwa kama mjusi."

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakwenda kwenye mawe yaliyo nyuma ya vilima, sisi na wenzetu wawili watatu, na magari yetu ya kuungaunga. Hapo ndipo nilipokugundua. Nilikuwa nimepanda jiwe moja la kawaida, ukaita, "Baba, tumbo." Sikuelewa. Ukasema tena, "Tumbo la gari linataka kukaa." Nikashuka nikachungulia. Difu, lile bonge la chuma la katikati ya ekseli, ilikuwa imebakiza upana wa kidole kugonga ncha ya jiwe. Ningesogea hatua moja ningeipasua, mafuta yote yangemwagika, na tungerudi nyumbani kwa miguu. Ulikuwa na miaka kumi na moja.

Tangu siku hiyo wewe ndiye uliyekuwa mwelekezaji wangu. Ulikijua kitu ambacho watu wazima huchelewa kukielewa: dereva kwenye mawe ni kipofu. Anaona boneti na anaona mbingu. Matairi hayaoni. Macho yake yako kwa mtu aliyesimama mbele. Ndiyo maana tuliweka sharti letu la mkono mmoja. Mtu akishasimama kuelekeza, wengine wote wanyamaze, hata awe mwenye gari, hata awe mzee wa kanisa. Kiganja kushoto, kiganja kulia, vidole vikiita ni njoo, ngumi ni simama. Ngumi haina mjadala. Sharti hilo nililitunga mimi, Vero. Nililisema kwa kinywa changu mbele ya kila mgeni aliyekuja kutuangalia.

Halafu ikaja Jumapili ile ya Shavu.

Nitaiandika kama ilivyokuwa, siyo kama nilivyoisimulia miaka minne hii.

Walikuja wageni kutoka Tabora, wanaume sita, magari yao mazuri, matairi mapya, winchi za umeme. Walilizunguka Mjusi wakitabasamu. Mmoja akagonga bomba la kizimba kwa kidole akauliza kama ni la maji. Ramadhani akamjibu ni la nguo. Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini ndani nilichomwa. Nikasema nitapanda Shavu. Jiwe lile tulikuwa tumeshalipanda mara mbili tu, na mara zote ardhi ikiwa kavu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Ramadhani alikaa pembeni yangu, kushoto. Tulifunga mikanda. Wewe ulipanda juu ukasimama ubavuni mwa jiwe, mahali sahihi, siyo chini ya gari kama wajinga wanavyosimama. Ulikuwa na shati la bluu. Uliita kwa vidole, nikaja. Ukanipeleka kulia, nikaenda kulia. Tulikuwa tumefika juu kabisa, imebaki gurudumu la mbele la kushoto lishike lile jiwe dogo la mwisho, lenye ukubwa wa mbuzi. Ukaliangalia. Ukainama ukaliangalia tena. Ukafunga ngumi.

Niliona.

Niandike tena ili nisije nikaikwepa. Niliona ngumi yako, mapema kabisa, gari likiwa limetulia na mguu wangu uko kwenye breki. Hapakuwa na vumbi. Jua halikunipiga machoni. Ulinyanyua ngumi juu mpaka usawa wa kichwa, kama nilivyokufundisha. Mimi nikawatazama wale wanaume wa Tabora waliosimama chini na simu zao, nikajiambia siwezi kushushwa na mtoto mbele ya watu hawa wakati imebaki nusu mita. Nikaachia breki nikakanyaga mafuta.

Lile jiwe lilikuwa limelegezwa na mvua. Wewe ulikuwa umeliona. Likageuka, Mjusi likalala kushoto, likabiringika tena, likatulia matairi juu. Kizimba kilishika, mabomba ya mama yako hayakupinda. Lakini Ramadhani alitoa mkono nje kutaka kujizuia, kosa la mtu aliyeshtuka, na mkono ukabanwa kati ya bomba na jiwe. Nilisikia ulivyovunjika. Sauti ile sijawahi kumsimulia mtu.

Nilitoka wa kwanza. Wewe ulikuwa unakuja mbio unateleza kwenye jiwe, unaniita. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, rafiki yangu akiwa bado ananing'inia kwenye mkanda, lilikuwa hili: "Vero, ulikuwa unaelekeza nini?"

Watu wote wakageuka wakakutazama. Ukaitazama mikono yako. Ukasema, "Nilifunga, Baba." Nikasema, "Ulichelewa kufunga." Ukatafuta kichwani mwako, nikakuona unatafuta. Kisha ukasema, "Samahani, Baba."

Mwanangu, nimepiga magoti kwenye kanisa letu Jumapili nyingi tangu siku ile, na samahani yako hiyo ndiyo ninayoisikia, siyo padri. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulifunga ngumi na ulijua umeifunga, lakini baba yako akikwambia ulichelewa, basi ulichelewa. Ulikubali kwamba jicho lako ndilo lililokudanganya kuliko kukubali kwamba ni mimi. Nami nikakuacha ukubali.

Ningeweza kusema niliteleza kwa sababu ya mshtuko, na siku hiyo ingekuwa kweli kidogo. Lakini kulikuwa na siku ya pili yake, na ya tatu. Jumatano ndipo nilipofanya kibaya kuliko vyote. Nilisema mtoto ni lazima apelekwe akaombe radhi, ndiyo desturi. Mama yako akakamata kuku jike, yule mwenye madoa, akakufunga kitenge, tukakwenda nyumbani kwa Ramadhani, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Ukapiga magoti ukampa kuku kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nyuma yako kama mshenga, nikasema, "Baba Zuhura, mtoto amekuja kuomba radhi kwa kosa lake." Nilisema hivyo, kwa kosa lake, na sauti haikutetemeka. Ramadhani aliniangalia muda mrefu. Nilidhani ni maumivu.

Baada ya hapo hukuja tena kwenye mawe. Ulisema una masomo. Nilijifanya naamini masomo. Kila siku baada ya shule ulipitia kwa mke wa Ramadhani ukamtekea maji, wiki sita, bila kutumwa na mtu. Wenzako walipokuita "Mwelekezaji" kwa kejeli ulicheka nao. Tulipokwenda Inyonga kuchukua asali nikataka kurudi nyuma penye ukuta, nikakwambia shuka uniangalizie, ukasema, "Baba, muite mtu mwingine." Nikamuita mtu mwingine. Nafasi za kusema nilizipata nyingi, na kila niliyoiacha ipite iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi. Uongo wa siku moja ningeweza kuutoa kwa dakika mbili. Wa miaka minne umeshaota mizizi ndani ya nyumba.

Sikukufanyia hivyo kwa kukuchukia. Nataka ulijue hilo, ingawa najua halipunguzi kitu. Nilikupenda hata siku ile. Nilichogundua, na nimekigundua kwa kuchelewa, ni kwamba mtu anaweza kumpenda mwanae kwa moyo wote na bado akamtanguliza mbele yake kama ngao. Nilikuwa naona aibu, na wewe ulikuwa karibu.

Leo mchana, mlipokuwa sokoni, nilivuka barabara nikaenda dukani kwa Ramadhani. Alikuwa anashusha chujio la mafuta kutoka rafu ya juu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto haupandi tena kupita bega. Nikamwambia, "Ramadhani, nimekuja na jambo la Shavu. Vero hakuchelewa. Alifunga ngumi nikaiona, nikapita."

Aliweka chujio juu ya kaunta. Akalifuta vumbi. Akasema, "Naijua hiyo."

Nikamuuliza anaijuaje.

"Bwana, si nilikuwa nimekaa pembeni yako? Kilichovunjika ni mkono, siyo macho."

Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya betri. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akafikiri, kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Halafu ukanipeleka hospitali, ukanilaza, ukawa unanifungulia duka kila asubuhi kabla hujafungua gereji yako. Nikasema mtu huyu anajua, na anajilipa kimyakimya, nimuache na Mungu wake. Lakini hatukuhesabu vizuri, mimi na wewe. Tulikuwa tunasameheana sisi, na anayelipa ni mtoto. Nyie mlipoleta yule kuku, ilitakiwa nikatae. Nikampokea. Nikamla."

Nilimwambia unavyotaka kuomba uhamishiwe stoo. Ramadhani ni mtu wa mzaha, unamjua. Leo hakuwa na mzaha. Alisema, "Kamwambie leo. Na mwambie mimi, ba'mdogo wake, nami niliona nikafunga mdomo. Kesho nitakuwa stendi, nimwambie mwenyewe."

Jioni nikamwambia mama yako. Alikuwa anapiga pasi sketi zako. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliendelea kupiga pasi sketi ile ile, upande ule ule, mpaka nikaogopa ataiunguza. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemkamata kuku." Nilisema nitakuita tuongee, akatikisa kichwa. "Mwandikie. Kwa mdomo utamzungusha. Utaanza na utani, utamaliza na utani, na yeye atakuonea huruma." Ananijua. Ndiyo maana unasoma karatasi badala ya kunisikiliza, na kama umeona nimezunguka hata kwenye karatasi, ujue nimejitahidi.

Kitu kingine nimekifanya kabla sijakaa kuandika. Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu, lile la watu wa mawe, wa hapa na wale wa Tabora. Nimesema jina langu, nimesema Vero alifunga ngumi kwa wakati, nimesema dereva aliiona akaidharau. Wengine hawajajibu. Mmoja wa Tabora kaandika kwamba na yeye ile siku alishangaa, maana kwenye video yake ngumi inaonekana. Miaka minne video iko kwenye simu ya mtu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu baba mtu mzima akimlaumu binti yake nani atasimama aseme baba anadanganya. Nimemwomba aitume kwako. Ukitaka uiangalie, ukitaka uifute. Mimi nimeiangalia mara moja na inanitosha.

Sikuombi uniambie yameisha. Watoto wetu tunawalea vibaya katika hili, tunawakosea halafu tunawadai wacheke kabla ya chakula cha jioni. Ukitaka kukasirika, kasirika, na usikasirike kwa siri. Ukikaa muhula mzima bila kunipigia, mpigie mama yako, nitakusikia kupitia kwake. Ukitaka kuniuliza maswali, niulize, nitajibu bila utani. Nikianza utani, kata simu.

Na kuhusu kreni, sitakwambia nenda wala usiende. Labda kweli stoo unaipenda. Kuna watu wanapenda kuhesabu vitu na dunia inawahitaji. Ila kama unaikimbia kreni kwa sababu ya mkono wako, basi unakimbia kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Mkono wako ulifanya kazi yake. Katika watu wote waliokuwa pale, wanaume wazima zaidi ya kumi, wenye magari na simu, ni mtu mmoja tu aliyeona lile jiwe linacheza, na alikuwa binti wa miaka kumi na mitano mwenye shati la bluu. Nilikuwa na mwelekezaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona, nikamharibia kwa ajili ya kusifiwa na watu ambao siwajui hata majina. Naumia, Vero. Naumia kwa ajili yako, na naumia kwa Jumapili zote ambazo tungekuwa pamoja.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, chini ya blanketi, uikute Mbeya nikiwa mbali. Nimeshaikunja kwa ajili hiyo mara moja. Halafu nikaona nataka kutoa upepo alfajiri tena ili mtu asinione. Kwa hiyo naiweka juu ya begi, mlangoni kwako. Utaisoma kabla hatujatoka. Nitakuwa nje nimesimama karibu na mpapai, na nataka unapokuja unione ukiwa unajua. Ukinipita, nitabeba begi nikufuate mpaka stendi.

Huko chuoni watakuuliza kama umewahi kuelekeza. Usiangalie chini. Waambie umeelekeza magari kwenye mawe tangu una miaka kumi na moja. Wakikuuliza kama kuna siku gari lilianguka, waambie ndiyo, lilianguka, na mtu akavunjika mkono. Hapo watakuuliza nani alikosea. Usinifichie aibu, mwanangu, umeshaibeba ya kutosha. Wape jina langu, nimeliandika hapa chini kwa urefu wake ili usije ukalikosea.

Kalisto Gervas Mapela,
dereva wa siku ile.